Pilatus PC-24 Nyanda za Juu Kusini: lini jeti, lini pangaboi

Anayekodi ndege Dar es Salaam kwenda Mbeya huanza kwa kuuliza kasi. Kwa safari za Songwe (uwanja wa ndege wa Mbeya) na Nduli (ule wa Iringa), kasi ni swali la tatu. La kwanza ni ndege itapanda vipi ikiwa injini moja imezima saa nane mchana, jua linawaka na milima iko mbele. La pili ni breki. Kwa maswali hayo mawili tumeipima Pilatus PC-24, jeti ndogo ya kampuni, tukaiweka kando ya ndugu yake wa pangaboi, PC-12 NGX. Zote mbili hutengenezwa Stans, Uswisi, na zote zina mlango mkubwa wa mizigo na uwezo wa kutua kwenye changarawe. Gharama zake ndizo zisizofanana hata kidogo, na mteja wa huku hastahili kulipia asichokitumia.

PC-24 iliruka mara ya kwanza Mei 2015 na ikapata cheti Desemba 2017. Ina injini mbili za Williams FJ44-4A, kila moja ikitoa msukumo wa pauni 3,420. Uzito wake wa juu wa kuruka kwa toleo la awali ni kilo 8,300, mwendo wake wa juu angani ni noti 440 (maili za baharini 440 kwa saa), na inaruhusiwa kufika futi 45,000. Kipeperushi kinasema pia kwamba inahitaji mita 893 tu kuruka ikiwa na uzito kamili. Namba hiyo ni ya kweli, ila ni ya usawa wa bahari, nyuzi joto 15, njia ya lami iliyo kavu. Songwe hakuna hata kimoja kati ya hivyo isipokuwa lami, na ukavu kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Uwanja wa Songwe uko futi 4,412 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kawaida katika kimo hicho ingekuwa na nyuzi joto 6 hivi. Mchana wa Oktoba ukifika nyuzi 28, kuna ziada ya nyuzi 22, na kila nyuzi moja ya ziada huongeza takriban futi 120 za kimo ambacho injini na bawa "vinakihisi". Fanya hesabu: 22 mara 120 ni 2,640, jumlisha 4,412, unapata zaidi ya futi 7,000. Ndege imesimama Songwe, lakini inapumua kama iko futi 7,000. Asubuhi ya kipupwe ya nyuzi 15, hesabu hiyo hiyo inatoa futi 5,500 hivi. Tofauti ya futi 1,500 kati ya asubuhi na mchana, uwanja ule ule, ndege ile ile. Ndiyo maana ratiba inayoondoka Songwe saa mbili asubuhi ni bora kuliko ya saa nane, na abiria wanaochelewa kikao Chunya au Mbozi waelezwe mapema kwamba kuchelewa kwao kunaweza kumaanisha kuacha mizigo au kupunguza mafuta.

Urefu wa njia si tatizo Songwe. Mita 3,330 za lami zinatosha jeti hii kuruka, kughairi na kusimama, na bado nyingi zikabaki. Tatizo ni kupanda baada ya hapo. Kwa ndege za daraja hili, kiwango cha chini kinachotakiwa na kanuni za cheti, injini moja ikiwa imezima na magurudumu yamekunjwa, ni mwinuko wa asilimia 2, yaani futi 120 hivi kwa kila maili ya baharini. Sasa tazama ramani. Jiji la Mbeya liko mashariki, umbali wa maili 12 za baharini hivi, na ardhi yake iko juu ya uwanja kwa zaidi ya futi 1,100. Rubani anayepanda kwa asilimia 2 kuelekea mashariki atafika juu ya jiji akiwa na futi 300 tu kati yake na mapaa ya nyumba, huku safu ya Mbeya ikiwa kushoto, Uporoto mbele, na Rungwe unaokaribia mita 3,000 ukiwa nyuma yake. Hiyo si njia ya kutokea. Upande wa kaskazini-magharibi bonde linateremka kuelekea Ziwa Rukwa, na huko ndiko mpango wa dharura unakopaswa kuelekea, uwe umeandikwa na kujadiliwa kabla injini hazijawashwa.

Hapa ndipo PC-24 inapostahili sifa. Injini moja ikizima wakati wa kuruka, ile nyingine huongezewa msukumo yenyewe, takriban asilimia 5, bila rubani kugusa kitu. Pia kuna uchaguzi wa flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kuongeza mnyanyuo): nyuzi 8 au 15 kwa kuruka. Wengi hupenda 15 kwa sababu ndege hunyanyuka mapema. Kwa Songwe hilo ni kosa. Flapu 15 hupunguza mita za kukimbia, kitu ambacho pale kipo tele, na hula mwinuko wa kupanda, kitu ambacho pale ni adimu. Flapu 8 hutumia njia ndefu zaidi, kisha hupanda vizuri zaidi. Ukiona marubani wa ndege uliyokodi wanaruka Songwe mchana wa jua kwa flapu 15 na uzito mkubwa, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kutua kuna hesabu yake. Kasi inayosomwa kwenye kioo haibadiliki kwa kimo: ikiwa kitabu kinasema noti 100 kwa uzito huo, ni noti 100 Dar na noti 100 Songwe. Lakini katika hewa nyepesi ya futi 7,000, noti 100 za kwenye kioo ni noti 111 za kweli. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni zaidi ya asilimia 20 juu ya ile ya usawa wa bahari katika hewa ya kawaida. PC-24 haina vigeuza msukumo. Ina breki zenye kinga ya kuteleza na bamba za juu ya bawa zinazoinuka baada ya kugusa ardhi ili kuua mnyanyuo na kuweka uzito kwenye matairi. Zinafanya kazi nzuri sana, mradi rubani aiache ndege iguse pale inapotakiwa. Kosa la kawaida la wageni wa viwanja vya juu ni kuona ardhi inakimbia haraka kuliko walivyozoea, wakadhani wana kasi nyingi, wakapunguza mno. Au kinyume chake, wakaongeza noti 10 "za usalama" na kuelea mita mia kadhaa juu ya njia. Songwe inasamehe kosa hilo. Njia fupi ya changarawe haisamehe.

Breki zilizotumika kwa nguvu zikae zipoe. Mfungo wa breki ya kuegesha usiachwe umekaza wakati diski zina moto. Weka vigingi kwenye matairi, achia breki. Joto hupanda kwenye rimu dakika kadhaa baada ya ndege kusimama, na rimu zina vizibo vinavyoyeyuka ili tairi litoe upepo polepole badala ya kupasuka. Ndege inayotua, kushusha abiria na kuruka tena baada ya dakika 15 inaweza kukutwa na tairi bapa mwisho wa njia, na Mbeya hakuna duka la karibu la tairi hilo.

Mkononi, PC-24 ni ndege tulivu. Jeti nyingi zenye injini juu, karibu na mkia, huinamisha pua rubani anapoongeza nguvu ghafla, kwa mfano anapoghairi kutua. Pilatus waliunda mdomo wa kutolea moshi wa injini kwa namna inayogeuza mwelekeo wa msukumo kidogo, na matokeo yake mabadiliko ya pua ni madogo. Unaposukuma vishikio vya nguvu ukiwa futi 200 juu ya ardhi ndani ya ukungu, jambo hilo lina thamani kubwa kuliko viti vya ngozi. Miguu ya nyuma ina mkono unaokunjika kuelekea nyuma na matairi mawili kila upande, kwa hiyo mguso mzito kidogo hausikiki sana ndani. Flapu zikiwa chini kabisa ndege hukaa imara hata kwa kasi ndogo, na kukata kona ni kwepesi kwa sababu bamba za juu ya bawa husaidia usukani. Ndege inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa milima yetu, sisi tunasema wawili, kila mara.

Changarawe. Kiwanda kilipata kibali cha njia zisizo za lami hatua kwa hatua, kikakamilisha mwaka 2020 kwa kuongeza njia zenye unyevu na nyasi. Injini ziko juu na bawa linakaa chini yake kama ngao ya mawe yanayorushwa na matairi. Ni jeti chache sana zinazoweza kusema hivyo. Lakini kibali si ruhusa ya kwenda popote. Mashamba ya chai na misitu ya Mufindi na maparachichi ya Njombe yako kwenye ardhi ya juu: Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,900, na mchana wa nyuzi 24 hesabu ya kimo inakaribia futi 9,000. Hapo mita 893 za kipeperushi zimekwisha kusahaulika. Udongo mwekundu ukilowa huwa kama sabuni, na mita za kusimama huongezeka sana. Kabla ya jeti kwenda njia ya aina hiyo, mtu aipite kwa gari mwendo wa kilomita 60 kwa saa: gari likirusha abiria, ndege isije. Apime pia urefu kwa kamba au kifaa, si kwa kuuliza mlinzi.

Kwenye changarawe utaratibu ni huu: usisimame na kukoroga nguvu ukiwa umekanyaga breki. Anza kutembea, ongeza nguvu taratibu ndege ikiwa inaondoka, ili mawe yabaki nyuma. Baada ya kutua, kagua matairi, upande wa chini wa flapu, antena za tumboni na taa za magurudumu. Jiwe dogo likitoboa flapu leo litaonekana kama nukta; baada ya safari kumi litakuwa ufa.

Hali ya hewa ya ukanda huu ina sura tatu. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu wa asubuhi, ambao unaweza kufunga uwanja hadi jua lipande. Mpangaji mwenye akili huweka saa ya kufika Songwe isiwe alfajiri na hubeba mafuta ya kutosha kurudi Nduli, Dodoma au Dar. Agosti hadi Oktoba ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na milima hupotea ndani ya ukungu wa kahawia ambao kwa kuutazama kutoka juu unaonekana mwepesi. Novemba hadi Aprili ni mvua za radi. Hapa jeti huuzwa kwa maneno kwamba "inapita juu ya mawingu". Si kweli kwa mawingu ya radi ya nchi za joto: vilele vyake huweza kupita futi 45,000. Jeti inayazunguka, kama pangaboi. Faida yake halisi ni nyingine: inapita haraka kwenye tabaka la barafu, ambalo kwetu huanzia futi 16,000 hivi, ilhali PC-12 inayosafiri futi 26,000 au 28,000 inaweza kukaa ndani ya vilele vya mawingu kwa muda mrefu, mipira ya kuvunjia barafu kwenye mabawa ikifanya kazi mara kwa mara.

Ndani ya kabini kuna jambo moja tunaloliona kubwa kuliko yote kwa watu wa Mbeya. PC-24 inaweza kuweka hewa ya usawa wa bahari ndani ya kabini hadi ikiwa futi 23,500. Mgonjwa anayetolewa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kupelekwa Muhimbili, akiwa na hewa iliyonaswa kifuani baada ya ajali, hali yake inaweza kuharibika kabini ikipanda kimo, kwa sababu hewa hiyo hutanuka. Kwa jeti hii ikiruka futi 23,000, kabini inakuwa chini ya kimo cha Mbeya yenyewe. Mafuta yanatumika zaidi kuliko futi 41,000, lakini kwa umbali huu tangi la kilo 2,700 linabeba bila shida. PC-12 ikiwa futi 30,000 kabini yake iko futi 10,000. Kwa mgonjwa wa namna hiyo italazimika kuruka chini sana, juu ya Udzungwa, katikati ya hewa inayotikisa. Mlango wa mizigo wa PC-24, mita 1.25 kwa 1.30, unaingiza machela bila kumwinamisha mgonjwa. Wa PC-12 ni mpana kidogo zaidi.

Baada ya sifa hizo, saa. Dar hadi Songwe ni maili za baharini 370 hivi. PC-24, pamoja na kupanda na kushuka, huhitaji takriban saa 1 na dakika 5. PC-12 NGX, ambayo mwendo wake wa juu ni noti 290, huhitaji saa 1 na nusu. Umelipia injini mbili za jeti kwa dakika 25. Nduli, Iringa, ni maili 210. Tofauti inashuka hadi dakika 10 au zaidi kidogo, ambazo zinaweza kumezwa zote na kusubiri zamu ya kuruka pale Dar. Kwa safari ya Dar–Iringa–Dar ya watu 5 au 6, hatuoni sababu yoyote ya jeti isipokuwa mgonjwa au sera ya kampuni inayodai injini mbili.

Sera hiyo si upuuzi. PC-12 ina injini moja, Pratt & Whitney PT6E-67XP ya nguvu farasi 1,200, na aina hiyo ya injini ina historia ndefu ya kuaminika. Ikizima juu ya Udzungwa kwa futi 28,000, ndege inateleza takriban maili 60 za baharini bila upepo, na Nduli iko maili 20 na kitu kaskazini mwa mstari wa Dar–Songwe. Hesabu hiyo inatuliza safarini. Haitulizi dakika mbili za kwanza baada ya kuruka. Kwa upande mwingine, PC-12 husimama na kuruka kwenye njia fupi kuliko jeti: kasi ya kutua ni noti 85 hivi, na panga likigeuzwa nyuma linasaidia breki. Rubani ajue tu kwamba nguvu ya panga huvuta pua kushoto wakati wa kuruka. Kirekebishi cha usukani wa mkia kiwekwe kwenye alama yake kabla ya kuanza kukimbia, mguu wa kulia uwe tayari, na kwenye vumbi mlango wa kutenganisha mchanga na hewa ya injini ufunguliwe. Ukisahauliwa, bledi za kompresa (sehemu ya injini inayobana hewa) husagika polepole na hakuna anayeona hadi nguvu ianze kupungua.

Jeti inapata maana pale safari inapoendelea mbele. Songwe hadi Lusaka ni maili 480 hivi, Nairobi zaidi kidogo ya 500, Johannesburg karibu 1,070. Mkurugenzi wa mgodi anayeondoka Dar asubuhi, akakaa Chunya kwa muda wa saa nne, kisha akataka kulala Johannesburg, atafika kwa jeti ndani ya saa 3 kutoka Songwe. Kwa pangaboi ni saa 4 hivi. Kwa safari hiyo uhamiaji na forodha vipangwe siku kadhaa kabla, si mlangoni mwa ndege.

Jambo dogo la ardhini linalopendwa na abiria: PC-24 haina injini ndogo ya mkiani ya kuzalisha umeme. Badala yake injini ya kulia huwashwa kwa mzunguko wa chini kuliko wa kawaida, ikatoa umeme na ubaridi wakati abiria wakipanda kwa mlango wa kushoto. Inasaidia mahali ambapo hakuna gari la umeme. Lakini mtu wa mizigo asipite upande wa kulia, hata kama anaona injini haipigi kelele.

Ukiomba bei, usiishie kwenye saa za kuruka. Uliza ndege itatoka wapi na nani analipia ije tupu. Uliza gharama ya kusubiri Songwe baada ya saa mbili za kwanza, na malazi ya marubani ikiwa ukungu utawalaza. Omba kuona cheti cha mwendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uliza kama mafuta ya kurudi yanabebwa kutoka Dar au yatanunuliwa Songwe. Kama yatanunuliwa, mtu apige simu siku hiyo hiyo kuthibitisha. Mwisho, taja uzito wa kweli wa kila abiria na kila begi. Magunia mawili ya mchele wa Kyela yanayotokea mlangoni saa nane mchana ni kilo 200, na kwenye hesabu ya Songwe hizo ni kilo za kushusha kitu kingine.